Nightmare, Pepo Mtawala wa Njozi na Viinimacho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa komiki wa Kisumu na viunga vyake, toka Kondele hadi Nyamasaria, pamoja na majirani zetu wa Siaya, Kakamega na Nakuru ambao hututumia maswali yaleyale kila mara. Unamhusu Nightmare, pepo wa komiki za Marvel anayetawala ndoto na kuwapumbaza watu kwa maono yasiyokuwepo. Penye mengi ya kusema tumesema mengi, na penye machache hatukujaza maneno. Asiyetaka kutobolewa siri za hadithi asome kwanza Strange Tales toleo la 110 na la 122, kisha arudi, kwa sababu hapa tunatoboa zote.

Nightmare ni nani hasa?

Ni mtawala wa Ulimwengu wa Ndoto. Ukilala, mwili unabaki kitandani, na kile kinachotembea ndotoni kinapita katika himaya yake. Humo yeye ndiye sheria: njia zinaning'inia hewani bila nguzo, milango inafunguka mahali pasipo nyumba, na adui anaweza kuwa na sura ya mtu uliyemzika mwaka jana. Ana uso mweupe kama chaki, nywele nyeusi zilizovurugika, mavazi ya kijani yaliyombana toka shingoni hadi miguuni, na joho lililochanikachanika pindoni.

Kuhusu ile kijani: ndiyo, tumesikia utani wote wa mashabiki wa Gor Mahia, klabu yetu ya soka inayovaa kijani. Tafadhali msitutumie mwingine.

Alibuniwa lini na nani?

Alitokea mara ya kwanza katika Strange Tales namba 110, toleo la Julai 1963, lililoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko. Toleo hilohilo ndilo lililomleta duniani Doctor Strange, shujaa mchawi wa Marvel, kwa hiyo Nightmare ndiye adui wake wa kwanza kabisa. Amemtangulia hata Dormammu, ambaye wengi humdhania kuwa mkubwa wa wote lakini hakufika mpaka toleo la 126, Novemba 1964.

Hadithi ilikuwa na kurasa tano tu, nyuma ya kitabu ambacho jalada lake lilikuwa la Human Torch. Hakuna aliyeitarajia kufika mbali. Katika barua aliyomwandikia shabiki mmoja mapema mwaka 1963, Lee alikiri kwamba wazo lilikuwa la Ditko, na kwamba hadithi ya kwanza haikuwa ya ajabu sana. Tunakubaliana naye kuhusu wazo. Kuhusu hadithi, hatukubaliani naye hata kidogo.

Hadithi hiyo ya kwanza inasimulia nini? Nimesikia mnaisifu sana.

Mtu mmoja, ambaye hata jina hapewi, hana usingizi. Kila akifumba macho anamwona mtu aliyejifunika kichwa na kufungwa minyororo, anayemwandama bila kuchoka. Anamwendea Doctor Strange katika mtaa wa Greenwich Village, New York. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa zaidi: kubisha mlango wa mtaalamu kwa sababu ya ndoto mbaya ni jambo analolijua, awe amelifanya mwenyewe au amelisikia kwa jirani. Strange anamwambia arudi nyumbani alale, naye usiku huohuo ataingia ndani ya ndoto yake.

Anaingia. Anamkuta yule wa minyororo na kumwuliza kwa nini anamtesa mtu huyu. Anajibiwa amwulize mwenyewe habari za Crang. Crang ni mtu ambaye huyu mgonjwa alimdhulumu katika biashara hadi akamfilisi.

Hapo hadithi inageuka. Mgonjwa anaamka, anagundua kwamba siri yake imejulikana, na anachomoa bastola. Mwili wa Strange umekaa pale chumbani kama gogo, kwa sababu roho yake bado iko ndotoni. Na huko ndotoni, Nightmare amefika juu ya farasi wake kumzuia asitoke. Mbele ana pepo, nyuma ana bastola. Anayemwokoa ni mwalimu wake, Ancient One, aliye mbali sana upande wa Asia. Hirizi iliyo kifuani mwa Strange inafumbua jicho na kumpumbaza mwenye bastola, Strange anarudi mwilini, na yule tajiri anakiri kosa lake.

Sasa ona jambo ambalo wengi huliruka. Katika hadithi nzima Nightmare hafanyi mengi. Yule wa minyororo hakutumwa naye. Aliletwa na dhamiri ya mtu mwenyewe. Hatia ilikuwepo kabla ya usingizi, na Nightmare aliikuta tu, akaja kutazama mavuno. Kwa maoni yetu hapo ndipo palipo ubora wa mhusika huyu, na waandishi waliokuja baadaye walipolisahau hilo, akageuka jitu la kawaida la kupiga kelele na kutisha.

Nguvu zake ni zipi, na mipaka yake iko wapi?

Ndani ya himaya yake anaweza karibu kila kitu: kugeuza ardhi, kuumba viumbe, kumfunga mtu katika maono ambayo hayatofautishi na ukweli. Hula hofu, yaani woga wa walalao ndio unaomtia nguvu.

Nje ya himaya ni habari nyingine. Mtu aliye macho hamuwezi, isipokuwa pale waandishi wanapombunia njia ya kuvuka, na wamembunia kadhaa. Lakini sheria ya asili ni ile: usipolala, hakupati. Ndiyo maana Doctor Strange, ambaye hahofii mashetani wala miungu, ana desturi ya kujikinga kwa dua ya kichawi kabla ya kulala kila siku. Hofu yake kubwa kwa adui huyu ni uchovu, na sisi tumewahi kusema kwamba hakuna adui mwingine wa Marvel anayemfahamu vizuri kiasi hiki mtu anayefanya kazi zamu ya usiku.

Kama ana nguvu hivyo, mbona hushindwa kila mara?

Kwa sababu naye hudanganyika. Mganga hajigangi.

Mfano mzuri kuliko yote ni toleo la 122, Julai 1964. Strange amechoka baada ya pambano, anasinzia bila kusoma ile dua ya kinga, na anajikuta mateka. Nightmare anashangilia. Hakuna Ancient One wa kumwokoa safari hii. Basi Strange anatumia alichonacho: anajua kwamba kuna kiumbe mmoja tu anayemtia Nightmare woga, naye anaitwa Gulgol. Gulgol halali kamwe, na asiyelala hana ndoto, na asiye na ndoto hana mlango wa Nightmare kumwingilia. Ghafla Gulgol huyo anatokea, mkubwa, anawajia. Nightmare anajaribu nguvu zake, zinagonga mwamba. Anatetemeka. Anamsihi mateka wake amsaidie, na ili asaidiwe inabidi amfungue.

Strange akishafunguliwa, Gulgol anatoweka. Hakuwepo. Kilikuwa kiinimacho tu, alichomtilia mfalme wa viinimacho machoni pake, ndani ya jumba lake mwenyewe.

Kurasa zile hazizidi kumi, lakini zina kila kitu unachohitaji kujua kumhusu: anajua hofu za watu wote isipokuwa yake. Amezoea kuwa upande wa anayetisha, kwa hiyo siku anapotishwa yeye, hana mazoezi. Waandishi wengine wamemshinda kwa ngumi za mwanga na miale ya rangi, na hatuwakatazi, ila baada ya kusoma habari za Gulgol ushindi wa namna hiyo unakosa chumvi.

Yule farasi ana jina?

Anaitwa Dreamstalker. Ni mweusi na ana pembe.

Waliotuuliza kwa nini pepo wa ndoto apande farasi, tazameni mchoro wa Henry Fuseli wa mwaka 1781, ambao leo uko Detroit, Marekani. Mwanamke amelala chali, kichwa kinaning'inia nje ya kitanda, juu ya kifua chake amekaa pepo mfupi mwenye sura mbaya, na nyuma ya pazia kichwa cha farasi kinachungulia kwa macho meupe. Hatusemi Ditko aliuiga. Tunasema kwamba pepo, usingizi na farasi walishakutana katika sanaa ya Ulaya karibu karne mbili kabla yake.

Ana tofauti gani na Mysterio? Wote si mabingwa wa kudanganya macho?

Swali zuri, hasa kwa vile Mysterio naye alitoka mikononi mwa Lee na Ditko, katika The Amazing Spider-Man namba 13, Juni 1964, chini ya mwaka mmoja baada ya Nightmare. Lakini Mysterio ni binadamu. Alikuwa fundi wa sinema, na mazingaombwe yake ni moshi, mashine, vioo na kemikali. Ukizima umeme, hana kitu. Anatengeneza uongo nje yako na kukusubiri uuamini.

Nightmare hatengenezi kitu nje yako. Malighafi yote anaitoa kichwani mwako. Ndiyo maana Spider-Man anaweza kumshinda Mysterio kwa kufumba macho na kutegemea hisia zake za hatari, ilhali ukifumba macho mbele ya Nightmare umemrahisishia kazi.

Na Mephisto je?

Mephisto, aliyetokea Silver Surfer namba 3 mwaka 1968, ni mfanyabiashara wa roho. Anataka mkataba na sahihi. Nightmare hataki sahihi ya mtu, kwa kuwa utamjia tu, leo usiku au kesho.

Ana watoto?

Wawili wanaojulikana sana. Binti yake ni Dreamqueen, aliyejitokeza mwaka 1988 katika komiki za Alpha Flight, mashujaa wa Kanada. Ana himaya yake ndogo na uchungu mwingi wa kufungiwa humo. Wa pili ni kijana aitwaye Trauma, wa Avengers: The Initiative, ambaye hugeuka kuwa kitu unachokiogopa kuliko vyote. Trauma ndiye wa kusoma. Ni mtoto aliyerithi kipawa cha baba na anajitahidi akitumie kuwaponya watu badala ya kuwatisha. Kuna vijana wengi wa mitaa yetu watakaomwelewa kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Ni kweli aliwahi kumharibu Hulk?

Ndiyo. Mapema miaka ya 1980, Bill Mantlo na Sal Buscema walimpa Hulk akili ya Bruce Banner, yule mwanasayansi anayegeuka kuwa Hulk: mwili wa jitu, kichwa cha msomi, watu wakampenda. Nightmare akaanza kumtafuna taratibu kwa ndoto, usiku baada ya usiku, hadi ile akili ikapotea kabisa. Katika toleo la 300, mwaka 1984, Hulk aliyebaki ni hasira tupu inayobomoa New York, na Doctor Strange analazimika kumhamishia njia panda ya malimwengu asikoweza kumdhuru mtu.

Hii ni kazi nzuri ya Nightmare kwa sababu ni ya polepole. Banner daima amemwogopa mnyama aliye ndani yake, na pepo hakuhitaji kumbunia woga mpya. Linganisha na mwaka 1969, alipoandikwa kama mtekaji wa Eternity, yule kiumbe ambaye ndiye ulimwengu mzima katika umbo la mtu. Michoro ya Gene Colan ni ya kupendeza, hatukatai. Ila pepo anayeiteka anga nzima hana tena haja na wewe uliyelala chumba kimoja Nyalenda, na akishakosa haja na wewe, huna sababu ya kumwogopa.

Mbona hayumo kwenye sinema?

Alikaribia. Scott Derrickson, aliyeongoza filamu ya Doctor Strange ya mwaka 2016, amesema hadharani kwamba alitamani kumtumia Nightmare. Filamu ya kwanza ilikuwa tayari na mengi ya kueleza kwa watazamaji wasiojua lolote, kisha Derrickson akajiondoa kwenye ya pili Januari 2020 kwa kutokubaliana na studio kuhusu mwelekeo wa kazi. Ya pili ilitoka mwaka 2022 chini ya Sam Raimi, na adui akawa Wanda, mchawi mwingine wa Marvel.

Watoto wanaosema wamemwona kwenye runinga hawadanganyi. Alikuwa kwenye katuni ya Ultimate Spider-Man mwaka 2012, katika kipindi kilichomhusu Doctor Strange.

Usiku huwa naamka siwezi kusogea, kuna kitu kizito kifuani. Ni yeye?

Swali hili hutujia zaidi ya yote, na wanaolituma si watoto. Hapana, si yeye. Nightmare ni wino kwenye karatasi. Lakini unachokipata ni halisi, na wazee wetu walikiita kukabwa na jinamizi zamani sana kabla ya Marvel.

Madaktari wanaeleza hivi. Katika hatua ya usingizi ambapo tunaota zaidi, ubongo hulegeza misuli karibu yote ya mwili, ili usirushe mateke ukiota unakimbia. Wakati mwingine fahamu huamka kabla misuli haijarudishiwa kazi. Macho yamefunguka, chumba unakiona, lakini mkono haunyanyuki na sauti haitoki. Na kwa kuwa ndoto nayo haijaisha, ubongo unaendelea kuchora: mtu mlangoni, nyayo, uzito kifuani. Hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache, kisha huachia.

Hutokea zaidi kwa mtu asiyelala vya kutosha, anayelala saa zisizo na mpangilio, au anayelala chali. Mwendesha boda boda wa usiku, askari wa lindo, mtahiniwa wa KCSE anayekesha: hao ndio hutuandikia. Rekebisha saa za kulala, jaribu kulala ubavu, na ukikabwa usipambane na mwili mzima, hangaika na kidole kimoja tu au pumua taratibu. Likikurudia mara nyingi, au ukiwa unasinzia mchana bila kujizuia, nenda hospitali umweleze daktari waziwazi. Hawatakucheka; wanalisikia mara nyingi.

Tunaongeza moja kwa hiari yetu. Wapo watakaokuambia umerogwa na jirani, na watataka pesa ili wakwambie ni jirani yupi. Usitoe.

Mimi ni mzazi. Mwanangu wa Gredi ya Sita ameleta nyumbani kitabu chenye pepo. Nifanye nini?

Mzazi mwenzetu, kisome kwanza. Kina kurasa chache, utakimaliza kabla ugali haujaiva.

Utakachokuta katika hadithi za miaka ya 1960 ni hiki: hakuna damu, hakuna matusi, hakuna ibada ya kumwabudu yeyote. Wachapishaji wa Marekani walikuwa wamejiwekea kanuni kali mwaka 1954, baada ya kelele za wazazi kama wewe, na kanuni hizo zilipiga marufuku mazombi, wanyonya damu, hata neno la kutisha kwenye jina la kitabu. Nightmare alizaliwa ndani ya uzio huo. Anatisha kwa sura na kwa wazo, na mwovu wa hadithi ya kwanza mwishowe anakiri dhuluma yake. Kuna mahubiri ya Jumapili ambayo hayafiki hapo.

Si Shetani wa Biblia wala Ibilisi wa Kurani, na hakuna mahali panapomwalika msomaji amwite. Matoleo ya miaka ya karibuni ni suala jingine: mengine yameandikwa kwa watu wazima, na picha zake ni nzito. Angalia umri uliochapwa kwenye jalada. Na hata yale ya zamani, mtoto mwoga asiyasome kitandani taa zikikaribia kuzimwa. Kama imani yako inakukataza kabisa vitabu vya uchawi, mwambie hivyo na umweleze sababu. Usimchome moto kitabu cha watu, kwani mara nyingi ni cha kuazima.

Kwetu kuna mhusika anayefanana naye?

Kuna aliye bora kuliko yeye, na jina lake mnaliimba uwanjani kila wiki. Gor wa Ogalo, yule mganga wa Kanyamwa, pande za Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay, aliitwa Gor Mahia kwa sababu ya maajabu yake, na klabu iliyoanzishwa mwaka 1968 ikachukua jina lake. Masimulizi humtaja kama mtu ambaye hukuweza kuwa na uhakika umemwona. Leo mzee kikongwe, kesho mtoto, mara mwanamke njiani. Waliotumwa kumtafuta walipitana naye, wakamsalimia na kuendelea na safari.

Weka wawili hao kando kwa kando. Nightmare hubadilisha unachokiona ili akufunge. Gor hubadilisha unachokiona ili yeye asifungwe. Sanaa ni ileile ya kiinimacho, lakini wa kwanza anaifanya akiwa kwenye kiti cha enzi na wa pili akiwa anatafutwa na serikali. Mwandishi wa komiki akipewa hao wawili, tungemshauri amchague wa pili, kwa sababu anayetafutwa ana hadithi kila anapovuka barabara.

Tukienda upande wa udhaifu uliofichwa, yuko Luanda Magere wa Kano, aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya Wanandi haikumwingia mpaka mke waliyempa alipogundua kwamba uhai wake uko kivulini. Wakakichoma kivuli, akaanguka, akawa jiwe, na jiwe lenyewe huonyeshwa hadi leo. Ukisoma habari za Gulgol baada ya kusikia za Luanda Magere, utaona kwamba Ditko na wasimulizi wa Kano walijua siri moja ya ufundi: mwenye nguvu zisizoshindika lazima apewe tundu, na tundu hilo liwe mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kupiga.

Wabukusu nao wana Mango, aliyeliua joka. Lakini Mango alitumia panga, kwa hiyo si wa ukurasa huu.

Je, Kenya tuna komiki za namna hii?

Za uchawi, ndiyo. Marehemu Frank Odoi, Mghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, alichora Akokhan, hadithi ndefu ya wenye nguvu za jadi wanaopambana kutoka kizazi hadi kizazi. Wengi tuliokua tukisoma magazeti ya babu tulimjua Akokhan kabla ya kumsikia Doctor Strange. Wanaopenda Sheng na maisha ya mtaani wana Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010 na kushinda tuzo ya kimataifa ya Emmy miaka miwili baadaye, ingawa humo hakuna mapepo. Kuna ukosefu wa kazi, ambao unatosha.

Nianze kusoma wapi?

Anza na Strange Tales 110, kisha 116, kisha 122. Zimekusanywa mara nyingi katika vitabu vya Doctor Strange vya Lee na Ditko, kwa hiyo usinunue toleo moja moja la zamani; bei zake ni za watoza vitu, si za wasomaji. Ditko aliacha kazi hiyo kwenye toleo la 146, mwaka 1966, na mkusanyiko wowote unaofika hapo umekamilika. Halafu ruka hadi Hulk ya 1984. Hadithi ya Eternity iache mwisho.

Hapa Kisumu, Kibuye siku ya Jumapili ndipo mahali pa kubahatisha. Komiki huja zimechanganyika na vitabu vya shule na majarida ya mapishi, na muuzaji huwa hajui anachouza, jambo ambalo ni zuri kwako. Fika asubuhi. Kagua kurasa za katikati, maana ndizo huchomoka.

Nataka kujifunza kuchora kama Ditko. Nianzie wapi?

Mikono. Mtazame Strange anapotoa nguvu: vidole viwili vya kati vimekunjwa, kidole cha shahada na cha mwisho vimenyooka, kifundo kimepinda. Ditko alieleza nusu ya uchawi kwa vidole. Kisha chora sakafu inayoishia hewani, na uipe mlango. Usitie mandhari mengi. Watu wengi wanaojaribu Ulimwengu wa Ndoto hujaza ukurasa moshi na fuvu za vichwa, ilhali Ditko aliacha nafasi kubwa tupu, ukabaki unajiuliza ukianguka utafika wapi.

Naweza kumchapa Nightmare kwenye fulana nikauze Kibuye, au nimchore kwenye matatu?

Kuchora kwa mazoezi, chora mpaka kalamu iishe. Kuuza ni kosa. Nightmare ni mali ya Marvel, na Marvel ni mali ya Disney tangu mwaka 2009. Kwa sheria ya Marekani kazi ya mwaka 1963 inalindwa miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2058. Unaona matatu nyingi za Nakuru na Kisumu zimechorwa mashujaa wa Marvel ubavuni, lakini kutokamatwa si ruhusa.

Gor wa Ogalo, kinyume chake, hana mwenye hakimiliki. Mchore upendavyo, mvalishe upendavyo, uza fulana. Nembo ya klabu tu ndiyo usiiguse, ile ina wenyewe.